Bunduki nayo ipige hodi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Mahakama za Marekani zinamlinda raia, au zinailinda bunduki?" Mimi nalijibu nikiwa nimekaa kaunta, natazama mlango.

Nina duka la vyakula vya kwetu hapa Houston, Texas: sembe, dagaa, mchele, tui la kopo kwa wasio na mbuzi ya kukunia nazi. Mlango ni wa kioo, hauzidi upana wa mtu na mfuko wake. Tangu Septemba 1, 2021 jimbo hili halimdai mtu leseni ili atembee na bastola, mradi ni mtu mzima asiyekatazwa na sheria, na ikiwa inaonekana basi iwe ndani ya ala yake. Miezi michache baadaye akaingia mteja wangu mmoja, kijana wa Lubumbashi, mpole, hajawahi kunipita bila "jambo mama". Kiunoni ana bastola. (Ana kadi ya ukaazi wa kudumu, kwa hiyo sheria ya shirikisho haimzuii. Binamu yangu aliyekuja kwa viza ya masomo haruhusiwi, labda awe na leseni ya kuwinda.) Akachukua pakiti mbili za dagaa na tangawizi, akalipa, akaulizia watoto. Chenji niliihesabu mara tatu na bado nikamzidishia.

Mume wangu akasema, "Si utundike tu kibao?" Nikadhani ni kibao kama kile cha kukataza sigara. Kumbe sheria ya Texas inataka maneno yale yale iliyoyaandika yenyewe, kwa Kiingereza na Kihispania, herufi zenye kimo cha inchi moja au zaidi, rangi zinazoonekana vizuri. Na si kibao kimoja. Cha kumzuia mwenye leseni aliyeficha bastola ni kifungu cha 30.06, cha mwenye leseni aliyeiweka wazi ni 30.07, na asiye na leseni ana chake, 30.05. Nilichukua futi nikaupima mlango. Nikivibandika vyote vitatu, mteja haoni ndani wala mimi simwoni anayekuja.

Njia nyingine ni kumwambia mtu kwa mdomo, na sheria inalikubali hilo. Haya, ni nani atakayemfuata mwenye bastola kiunoni amwambie toka?

Kwetu Tanga mtu hupiga hodi akangoja karibu. Akibisha mara tatu kimya, anageuka. Hapa Texas bunduki haina hodi. Inaingia, na kunyamaza kwangu kunahesabiwa kuwa nimekubali, kama mwari aliyeulizwa ridhaa yake akainamisha kichwa. Basi hiyo ndiyo kesi kubwa ya bunduki iliyofika Mahakama ya Juu. Mwaka 2023 Hawaii ilitunga sheria ya kugeuza mambo: dukani, hotelini na kwingineko kwenye mali ya mtu binafsi iliyo wazi kwa umma, bastola isiingie mpaka mwenyewe aikaribishe, kwa mdomo au kwa maandishi. Wakazi wa Maui wakaenda mahakamani. Kesi inaitwa Wolford dhidi ya Lopez. Mahakama ya rufaa ilikubaliana na Hawaii mwaka 2024, Mahakama ya Juu ikaichukua Oktoba 2025, na Januari 2026 majaji tisa waliwasikiliza mawakili. Ukiivua joho kesi ile, utakuta swali moja tu: kimya cha mwenye duka kina maana gani?

Wenye bunduki wana hoja, na siwezi kuificha. Wanasema wenye maduka wengi hawatundiki chochote, si kwa kupenda wala kuchukia, ni uvivu tu. Kwa hiyo sheria ya Hawaii inamwachia mtu haki yake barabarani na kumfungia kila mlango. Ni kweli. Lakini uvivu huo huo ndio unaowabeba wao hapa Texas.

Mngetegemea majaji wabishane kuhusu mali na ukarimu. Wapi! Walibishana kuhusu sheria za zamani, hata ya mwaka 1771, na hapo ndipo mahakama hizi zinaponichosha.

Marekebisho ya Pili ya Katiba yalipitishwa mwaka 1791. Ni sentensi moja ya maneno 27, inayoanza na wanamgambo na kuishia na haki ya watu kuwa na silaha. Kwa muda mrefu mahakama zilisoma kwa uzito ile nusu ya kwanza. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikampa ushindi Dick Heller, mlinzi wa Washington aliyekuwa akibeba silaha kazini kulinda jengo la serikali lakini akikatazwa kuwa na bastola nyumbani kwake. Mnaojua maisha ya mlinzi mtaelewa kwa nini aliona anachezewa. Hata hivyo hukumu ile ile ilisema haki hii ina mipaka, shule na majengo ya serikali yanaweza kuzuiwa. Hapo mimi sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni wa mwaka 2022, kesi ya Bruen. Majaji wa Mahakama ya Juu walipoifuta sheria ya New York ya zaidi ya miaka 100, iliyomtaka mtu aonyeshe sababu maalumu ndipo apewe kibali cha kubeba bastola, waliweka na kipimo kipya: sheria ya leo ya bunduki isimame tu kama inalingana na desturi za zamani za nchi hii. Basi kila jaji akawa mfukua makaratasi. Jaji mmoja wa Mississippi, Carlton Reeves, aliandika kwamba wao si mabingwa wa kujua matajiri wa Kizungu wa 1791 waliwaza nini juu ya bunduki, akawauliza mawakili kama ateue mwanahistoria wa kumsaidia.

Sisi wa Texas tuliona matunda yake mapema. Zackey Rahimi alikuwa chini ya amri ya mahakama, imethibitishwa kuwa alimdhuru mama wa mtoto wake, na polisi wakakuta bunduki kwake. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya kanda yetu ilimfutia hatia, kwa kuwa haikuona sheria ya enzi zile iliyomnyang'anya bunduki mtu wa namna hiyo. Ingeionea wapi? Wakati ule mume kumpiga mkewe ilikuwa siri ya nyumba. Juni 2024 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo kwa kura 8 dhidi ya 1, ikasema sheria ya zamani si lazima iwe pacha wa ile ya leo. Aliyepinga peke yake ni Jaji Clarence Thomas, mwandishi wa hukumu ya Bruen. Angalau yeye alisimama na kipimo chake.

Sasa Hawaii nayo imelazimika kutafuta mababu wa sheria yake. Ikaleta ya New Jersey ya 1771, iliyowalenga wawindaji haramu, na ya Louisiana ya 1865, ya kutobeba bunduki kwenye shamba la mtu bila idhini yake. Hii ya pili ilitungwa utumwa ukiwa ndio kwanza umekwisha, pamoja na zile za kuwabana Weusi waliotoka minyororoni. Mimi mwanamke mweusi, mwenye duka, namwombea Hawaii ashinde, naletewa shahidi huyo! Ni kama kesi ya shamba ambapo anayekutetea ndiye aliyemdhulumu babu yako.

Na upande wa pili wana Otis McDonald, mzee mweusi mzaliwa wa Louisiana hiyo hiyo, mtoto wa wakulima wasio na ardhi yao. Nyumba yake Chicago ilivunjwa mara kadhaa, jiji likamnyima bastola, na mwaka 2010 alilishinda mahakamani. Namwelewa kabisa mzee yule. Lakini yeye alitaka bastola nyumbani kwake, ndani ya mlango wake. Hakuja kuiingiza kwangu.

Kwa hiyo jibu langu, mhariri: nyumbani kwa mtu zinamlinda raia. Dukani kwangu, mpaka sasa, zinailinda bunduki.

Vile vibao sikuvinunua. Nilibandika kikaratasi cha Kiswahili: "Bastola ibaki garini. Karibu." Kisheria hakina maana yoyote. Kijana wa Lubumbashi alikisoma, akacheka, akauliza, "Mama, hii ni sheria?" Nikamwambia hapana, ni ombi. Akarudi kwenye gari. Wasiojua Kiswahili wanaendelea kuingia nazo.