Jibu: Mikunjo ya mitokondria haijikunji yenyewe

Mdogo wangu, umesema wiki ijayo una mada ya kuwasilisha darasani na umekwama hapa: utando wa ndani wa mitokondria, vile vijumba vya seli vinavyotengeneza nishati, unakunjwa na nini? Nilikwama hapo hapo nikiwa mwaka wa pili.

Kwanza tupa ule mchoro wa kidato cha tano wenye mikunjo iliyo wazi kama rafu za kabati. Mikunjo halisi ni mifuko yenye shingo nyembamba.

Halafu chora aina tatu tu za protini. Shingoni weka kundi la protini liitwalo MICOS. Likiondolewa, mikunjo inabanduka ukutani na kubaki imerundikana ndani. Ukingoni mwa mkunjo weka sinthezi ya ATP, inayotengeneza ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Wengi wanaijua kama mashine ya nishati basi, kumbe hukaa mbili mbili, zimeachana kama herufi V, na safu za jozi hizo ndizo zinazoupinda utando. Kwenye hamira, ukiondoa vijenzi vidogo vya sinthezi hiyo viitwavyo e na g, jozi zinavunjika na utando unajizungusha kama maganda ya kitunguu. Picha hiyo usiiache, darasa zima litaamka. Ya tatu ni OPA1, inayobana shingo na kuunganisha tando za ndani mitokondria zinapoungana.

Angalizo: hitilafu za jeni ya OPA1 hudhoofisha neva ya macho, na hurithiwa. Umegusia kwamba mjomba wako haoni vizuri. Usimpe jina la ugonjwa kutokana na slaidi zako; mpeleke kwa daktari wa macho.