Niache vidonge nitumie interferoni?

SWALI: Mbukwa, daktari. Nanunua alizeti na mahindi hapa Kibaigwa, na ninaishi na VVU. Dawa nachukua CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, kila baada ya miezi mitatu. Juzi alipita sokoni mtu mwenye chupa ndogo za matone, akasema ni interferoni, inaua virusi ndani ya seli. Mjukuu wangu kaangalia kwenye simu, kakuta kweli wataalamu wanaichunguza. Nimenunua chupa moja. Niache vidonge? – Msomaji, Kibaigwa

JIBU: Shikamoo, baba. Usiache vidonge, wala usiruke hata kimoja. Nafanya kazi CTC hapa Dodoma na ninawaona wanaorudi baada ya kuacha: wamekonda, wanakohoa, na kopo la vidonge 90 halijafunguliwa.

Mjukuu wako hakusoma uongo. Interferoni ni protini ambayo mwili wako wenyewe huitengeneza virusi vinapoingia. Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliigundua London mwaka 1957. Seli iliyovamiwa huitoa, na zile za jirani zikiipata huwasha mamia ya jeni za ulinzi. Mlinzi mmojawapo ni tetherini: kirusi kipya kikitaka kuondoka kwenye seli ya CD4, yaani seli ya kinga ambayo VVU huishambulia, hukishikilia pale pale ukutani kama mbuzi aliyefungwa kambani. Mwingine, APOBEC3G, huvuruga chembe za urithi za kirusi kinapojinakili. Ndiyo maana maabara, seli za binadamu zikitiwa interferoni kwanza, VVU huzaliana kwa shida.

Lakini VVU navyo vimejipanga. Vina protini iitwayo Vpu ya kuiondoa tetherini, na Vif ya kuiangamiza APOBEC3G. Tena interferoni ikizidi muda huichosha kinga yenyewe. Nyani waliopewa walikingika mwanzoni dhidi ya virusi vya jamaa ya VVU. Walipoendelea kupewa, mwili ukaizoea na CD4 zao zikashuka haraka. Kwa binadamu, sindano zake huleta homa, uchovu, sonona na upungufu wa chembe za damu. Kwa hiyo watafiti wanazipima aina zake moja moja, alfa 14 ikiwa mojawapo ya zenye nguvu zaidi, waone kama zitasaidia kuvifikia virusi vilivyojificha. Kwa mgonjwa wa leo hiyo bado si tiba.

Sasa hayo matone. Interferoni ya hospitalini ni sindano, hukaa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Chupa inayozungushwa juani Kibaigwa, hata ingekuwa na interferoni kweli, ingekuwa imeshaharibika. Na sisi Afrika Mashariki tulishapita huku: mwaka 1990 Kenya ilitangaza Kemron, interferoni alfa ya kiwango kidogo ya kutumia mdomoni. Majaribio yaliyofuata, likiwemo la Uganda, hayakuona faida yoyote. Waliokimbilia Kemron siwalaumu hata kidogo; ARV, yaani vidonge vya VVU kama vyako, hazikuwa zimewafikia. Wewe unazo, tena kidonge kimoja kwa siku, na inaniuma sana mtu kukulia fedha yako ya alizeti ili ukiache.

Kama umeshayanywa, usifiche. Nenda na hiyo chupa CTC, mfamasia aione, na uombe kupimwa wingi wa virusi kama majibu yako ya mwisho ni ya zamani.