Ukikosea m na M umekosea mara bilioni

Mwaka wa mwisho chuo nilienda fildi kitengo cha umeme, nikaandika ripoti ya kurasa kama 40 hivi, nikaipeleka nikijua nimemaliza. Msimamizi akairudisha. Nilikuwa nimeandika bwawa la umeme la Julius Nyerere, pale mto Rufiji, lina uwezo wa 2115 mW, akazungushia ile m kwa kalamu nyekundu akaniambia kijana hebu nipigie hesabu hapa umeandika wati ngapi. Nikapiga. m ndogo pale ni mili, sehemu moja ya elfu, kwahiyo bwawa zima la Rufiji nimelipatia wati 2 na kidogo, hata taa ya LED ya wati 5 haliwashi! M kubwa ndo mega, yaani milioni, na kutoka mW mpaka MW ni mara bilioni moja.

Toka siku hiyo nikianza kuwaelekeza wadogo zangu kuandika alama za vipimo naanzia kwenye kWh, maana ndo zile uniti za Luku kila mtu anazinunua. k ni kilo, yaani elfu, ni ndogo siku zote, K kubwa ni kelvini ya joto. W ni kubwa kwasababu inatoka kwenye jina la mtu, James Watt, kama ilivyo N ya Newton, Pa ya Pascal, V ya Volta na Hz ya Hertz. h ni saa (hour kwa Kiingereza), haina mtu nyuma yake, ndogo, sawa na m ya mita na s ya sekunde. Ukiielewa kWh vizuri zingine nyingi unajiongeza mwenyewe.

Ila jina ukiliandika lote linarudi herufi ndogo hata kama ni la mtu, newton 5, pascal 100, wengi wanakosea hapo. Na Kgs hakuna jamani, alama haiongezwi s ya wingi, ni kg tu iwe moja au mia. Lita ndo ya pekee, haina mtu lakini toka 1979 L kubwa inaruhusiwa, kwasababu l ndogo inafanana mno na 1, mimi natumia L tu.

Kingine angalia Word kwenye majedwali, ukiandika kg peke yake ndani ya kisanduku inakugeuzia Kg bila kukuuliza, bonyeza Ctrl+Z hapohapo kabla hujaendelea.