Siku Niliyomtia Mpigaji Selo

Wiki iliyopita nilikuwa mshereheshaji wa tamasha dogo, nikamkaribisha mpiga ukulele, kile kigitaa cha nyuzi nne. U-ku-le-le, kila irabu mahali pake. Jamaa mmoja akanivuta pembeni: "Ndugu yangu, ni yukaleli." Nikatabasamu. Neno lenyewe ni la Hawaii, na wenyewe hulitamka karibu sawasawa na nilivyolitamka mimi. Yukaleli ni ya Waingereza na Wamarekani.

Kujiamini huko sikuzaliwa nako. Miaka kadhaa nyuma, ukumbi umejaa, nilipewa karatasi imeandikwa "cello", ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa amekaa. Nikatangaza kwa sauti ya mamlaka: "Na sasa, dada yetu na selo yake!" Mtu wa nyuma akauliza dhamana ni shilingi ngapi. Watu walicheka hadi dada mwenyewe akajificha nyuma ya ala yake. Aliyenipa kazi ile hajanipigia simu tena, na mimi bado naikumbuka namba yake.

Nilirudi nyumbani nikajifunza kwa hasira. Ni chelo, ufupisho wa violoncello. Katika Kiitaliano, c ikifuatwa na e au i husomeka ch. Ila ch yao husomeka k, ndiyo maana chitarra, yaani gitaa, ni "kitara". Djembe, ngoma ya Afrika Magharibi, imeandikwa Kifaransa, d ile isikutishe: sema jembe, hata wakikuuliza unakwenda kulima wapi. Cajón, ngoma ya sanduku, ni Kihispania. J yake hutoka kooni, jirani na kh ya "kheri", na mkazo unaangukia mwishoni.

Kwa hiyo wewe unayeshika maikrofoni, uliza kwanza jina limetoka lugha gani. Acha kulipitisha kila neno kwenye Kiingereza kana kwamba huko ndiko forodhani! Irabu zetu tano zinatosha kabisa kwa Kiitaliano na Kihawaii, tena kuliko za hao tunaowaiga. Uliza lugha. Nasema tena, uliza lugha, na ukiweza muulize mpigaji kabla hujapanda jukwaani. Mimi sikumuuliza yule dada, na alikuwa amekaa hatua tatu kutoka nilipo.

Mkazo ndio unaonitesa mpaka leo. Kiswahili kinataka timpani, zile ngoma kubwa za okestra, iwe ti-MPA-ni, Waitaliano wanauweka mwanzoni. Mwezi ujao ziko kwenye orodha yangu, na kila asubuhi bafuni nasema TI-mpani, TI-mpani, hadi mke wangu anagonga mlango.