Nyama Ilisingiziwa, Kumbe Ni Chai

Wiki jana nilitoka maabara nikaipiga picha karatasi kabla hata sijafika steji. Trigliseridi, yaani mafuta ya damu: 1.6 mmol/L. Aprili mwaka jana ilikuwa 9.1. Ndiyo, najisifu, niacheni. Niliituma kwa wenzangu wenye baridi yabisi, na kabla ya jioni dada mmoja wa Ahero akaniandikia: "Mama, ulifanyaje? Mimi niko 4.8 na nyama siigusi." Hilo la nyama ndilo limenifanya niandike.

Mimi ni fundi cherehani, Kibuye hapa Kisumu. Miaka sita iliyopita vidole vilianza kufura, ikawa siwezi kushika makasi mpaka saa nne asubuhi. Huku kwetu watakuambia ni baridi ya ziwa. Ziwa halina kosa. Ni kinga ya mwili inayomgeukia mwenyewe na kumla viungo. Nilipopewa prednisoloni, vidonge vya kutuliza uvimbe, haikuisha wiki nikashona sare za kwaya nzima, nikadhani nimepona. Kumbe vidonge vile vilikuja na njaa ya kuamka usiku na uso wa mviringo. Wifi yangu akasema mbele ya wageni, "Kisumu imekukubali, unakula vizuri." Nilicheka na wote. Mpaka leo sijameza neno lile.

Halafu ikaja siku ya kipimo. Kijana wa maabara aliinua kichupa kwenye mwanga, akaniuliza kama nimekunywa maziwa. Maji ya damu, ambayo hutakiwa kuwa maangavu yenye umanjano kidogo, yalikuwa kama yale ya kusuuzia sufuria ya maziwa. Ndiyo siku ya ile 9.1. Nilikuwa nimekula mandazi, kweli. Nikarudi nimekaa muda wa saa 12 bila kula, ikawa 6.8. Ya kawaida ni chini ya 1.7, na ikipita 5.6 madaktari wanaanza kuhofia kongosho litavimba.

Mhudumu aliyenipokea hakuinua macho. "Punguza nyama." Mimi ambaye nyama naionja Krismasi na matangani! Nikaacha hata mayai. Baada ya miezi mitatu: 6.5.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Nilisoma kwenye simu kwamba prednisoloni hupandisha mafuta ya damu, nikaitupa chooni. Siku ya nne nilianguka kando ya cherehani, natapika, presha iko chini kabisa. Ukimeza dawa hiyo muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni yake, zikingoja ya kidonge. Ukikatiza ghafla, mwili unabaki hauna chochote. Wanangu waliliona hilo. Usilifanye, tafadhali. Usilifanye.

Daktari aliyenipokea wodini hakuniuliza nyama. Aliniambia, "Nihesabie chai yako." Vikombe vinne, kila kimoja vijiko vitatu. Soda moja jioni ya kuondoa uchungu wa vidonge. Na miwa, kwa sababu wakwe zangu wako Muhoroni na hawaji mikono mitupu. Akanieleza kwamba ini hugeuza sukari iliyozidi kuwa trigliseridi, na halijui kama imetoka dukani au shambani kwa mkwe. Prednisoloni nayo hulisukuma ini litengeneze zaidi, na ule uvimbe wa viungo hupunguza kasi ya mwili kuyaondoa mafuta hayo kwenye damu. Basi mimi nilikuwa na yote matatu, halafu nalaumu mbuzi. Alinipima pia sukari, figo na tezi ya shingo, maana zikiharibika nazo huyapandisha. Zilikuwa salama.

Yaliyofuata hayana utamu wa kusimulia. Nilianzishiwa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, mara moja kwa wiki, na iliposhika ndipo daktari akaishusha prednisoloni polepole kwa miezi. Sukari niliikata: kwanza vijiko viwili, kisha kimoja, sasa nakunywa chai bila sukari na nimeizoea. Ugali nilipunguza ukubwa, mboga nikaongeza, osuga (mnavu) na sukuma. Omena, dagaa wetu wa ziwani, naichemsha na nyanya badala ya kuielesha kwenye mafuta, lakini omena si dawa, msije mkanisingizia. Jioni natembea mpaka Kondele badala ya kupanda boda, siku ambazo magoti yanakubali.

Jamani, tuache uvivu wa kutafuta wa kulaumu. Kila Jumapili sokoni kuna mtu na chupa ya "kusafisha damu", na wenzangu wananunua huku mkono wa pili umeshika soda. Kata sukari. Najua nimeshasema. Kata sukari, halafu upime tena, maana ulimi wako hautakuambia ukweli kama karatasi.

Na wewe dada wa Ahero, 4.8 haitoshi kukukosesha usingizi, lakini usiikalie. Ukienda kwa daktari, tia vidonge vyako vyote kwenye mfuko mmoja uende navyo, hata vile vya kupanga uzazi ambavyo huwa tunaona haya kuvitaja. Baadhi yavyo hupandisha trigliseridi pia, na hakuna atakayejua usipovimwaga mezani. Halafu niandikie una vijiko vingapi.