Chai ya vifuko gesti

Wapo wanaosema chai ya vifuko ya gesti ni majani yaliyofagiwa sakafuni. Hapana, siyo. Mara nyingi ni vumbi la chai, daraja la punje ndogo kabisa baada ya kuchekecha. Nimepita kiwandani Mufindi nikaona chekeche zenyewe. Na udogo peke yake si kosa: PF1, daraja jingine la chai ya Kenya, nayo ni punje ndogo, na mnadani Mombasa inagombewa. Kinachoua ladha ni kifuko cha karatasi kisichofungashwa kukaa wazi kwenye trei hadi harufu iishe, halafu unaletewa chupa ya maji ya tangu alfajiri, hata mvuke hayatoi! Vuka barabara kwa mama ntilie, yake imechemka sufuriani. Ila kama hutumii sukari uliza kwanza, mara nyingi huwa keshatia.