Pima tundu la katikati kabla hujalipia rimu

Ukienda kununua rimu za mtumba, muuzaji atakuuliza mambo mawili tu: inchi ngapi, nati ngapi. Ukimjibu kumi na saba, tano, atakutolea seti inayong'aa na kukuhakikishia kwamba zitaingia. Kwa miaka ambayo nimeichezea Subaru Impreza yangu kuukuu hapa Malindi, nimeona kwamba yale asiyokuuliza ndiyo yanayokula pesa.

Impreza hii ni 5x100, yaani nati tano kwenye duara la milimita 100. Toyota Mark X pia ina nati tano, lakini duara lake ni 114.3, kwa hiyo rimu zake sahau. Hilo wengi wanalijua. Linalowapiga chenga ni tundu la katikati. Kuna Toyota za 5x100 ambazo rimu zake zina tundu la milimita 54.1, ilhali habu ya Subaru, yaani kitovu cha gari kinachoingia kwenye tundu hilo, ni 56.1. Matundu ya nati yamelingana vizuri kabisa, na rimu inagoma kwa milimita mbili! Utaambiwa ipelekwe ikachongwe. Inawezekana, lakini ikichongwa upande kidogo haitakaa katikati tena maisha yake yote. Ningekuwa wewe, ningetafuta seti nyingine.

Rimu nyingi mpya nazo hutobolewa tundu kubwa makusudi, 73.1 kwa mfano, ili zifae magari mengi. Hizo zinataka pete ya kuziba nafasi inayobaki juu ya habu. Bila pete, usukani unaweza kuanza kutetemeka ukishika kasi kwenye barabara ya Kilifi, nawe utalipia balansi tena na tena bure. Wapo wanaosifu pete za alumini. Mimi kwa huku pwani nachukua za plastiki, maana hewa ya chumvi hugandisha alumini kwenye chuma cha habu, na siku ya pancha utaipiga rimu mateke haitoki.

Nati usiazime kwa jirani mwenye Toyota. Zake ni M12x1.5, za Subaru ni M12x1.25: unene wa bolti ni uleule, milimita 12, ila nafasi kati ya nyuzi ni tofauti. Nati ya Toyota itashika nyuzi mbili tatu kwa mkono kisha igome. Fundi mwenye haraka ataweka spana na kuzila nyuzi za bolti. Angalia pia kikalio cha nati, yaani sehemu inayogusa rimu: rimu za kununua nyingi zinataka nati yenye ncha ya koni, ilhali baadhi ya Toyota za rimu za kiwandani hutumia nati bapa yenye washa.

Halafu kuna ofseti, namba ya ET iliyopigwa mhuri nyuma ya rimu: ni milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaoegemea habu, na ikipungua rimu hutoka nje. Subaru yangu hupenda namba za juu, hamsini na kitu. Ukitoka ET 53 ukaweka 38 kwa upana uleule, rimu inatoka nje milimita 15. Ikiwa pia ni pana zaidi kwa inchi moja, ongeza karibu 13. Hapo tairi litakwaruza madigadi kila ukipakia watu nyuma, hata kama gari likiwa tupu linapendeza.

Tairi lenyewe nalo lisizidi sana urefu wa la awali. Lile la 195/60R15, yaani upana milimita 195, ukuta asilimia 60 ya upana huo, rimu inchi 15, lina kipenyo cha milimita 615 hivi. 215/45R17 ni kama 625, na tofauti hiyo inavumilika. Ila ukuta wa tairi umepungua kutoka milimita 117 hadi 97. Kama unakwenda Kakuyuni au Marafa mara kwa mara, kwenye mashimo na mawe, usizidi rimu ya inchi kumi na sita. Na kukata springi ili gari lishuke, sitaki hata kulizungumzia.

Rimu za kung'arishwa bila rangi ni nzuri kwa picha. Vanishi yake ya juu ikipasuka kidogo tu, chumvi huingia chini yake na kutambaa. Chukua zilizopakwa rangi, uzioshe kwa maji ya bomba, kwani visima vingi vya huku vina chumvi vilevile.

Siku ya kufunga, kaza nati kwa mkono kwanza gurudumu likiwa juu, kwa mpangilio wa nyota, kisha malizia kwa spana ya kupima nguvu likiwa chini. Ukisafiri kwenda Mombasa, simama Kilifi, acha zipoe, uzikaze tena kwa kipimo kilekile.